Riziki Iliyolala Nyumba ya Pili

Tarehe 18 Septemba 1838, katika mji wa Bristol nchini Uingereza, mchungaji mmoja mzaliwa wa Prussia, George Müller, alikuwa na nyumba tatu za watoto yatima katika mtaa wa Wilson, na hakuwa na fedha ya kuwalisha. Yeye na wenzake walikuwa wamefika mahali pa kutazama vitu vya ndani na kuulizana kipi kinaweza kuuzwa. Alasiri hiyo akafika mama mmoja kutoka London. Alikuwa amebeba fedha alizopewa na binti yake: pauni 3, shilingi 2 na peni 6. Vitu havikuuzwa, watoto wakala.

Ushuhuda wa namna hii tumeusikia mara nyingi, kanisani na misikitini, kwenye jumuiya ndogondogo na kwenye vibaraza vya jioni. Mtu amebanwa kila upande, anamlilia Mola wake, na dakika ya mwisho mlango unafunguka. Mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba mambo haya hutokea. Nimeyaona nyumbani kwetu na kwa majirani, na sina haja ya kuyatafutia maelezo mengine.

Ila Müller alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, na katika kumbukumbu za siku ile aliandika jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita. Yule mama hakuwa ameshuka kutoka London siku hiyo. Alikuwa amefika Bristol siku nne au tano nyuma, na chumba alichopanga kilikuwa katika nyumba iliyopakana na ile ya watoto wa kiume. Siku zote ambazo Müller na wenzake walikuwa wakipiga magoti, fedha walizokuwa wakiziomba zilikuwa zimelala nyumba ya pili.

Müller alilipokea jambo hilo kwa furaha. Kwake ulikuwa uthibitisho kwamba Mungu alikusudia kuwasaidia tangu mwanzo, na kwamba aliwaacha waendelee kuomba kwa kuwa anapendezwa na maombi ya watoto wake. Sina ugomvi naye. Lakini kila ninapoisoma habari hii macho yangu huhama kutoka kwa yule anayeomba yakaenda kwa yule mama. Pengine safari ilimchosha. Pengine alikuwa na shughuli zake mjini, akasema nitakwenda kesho. Simhukumu, kwa sababu mwishowe alikwenda, tena kwa miguu yake mwenyewe. Hata hivyo kati ya sala na mkate alisimama mtu, na sehemu ya muda ambao riziki ya Mungu ilichukua kufika ilikuwa ni muda aliouchukua mtu huyo kutoka mlango mmoja kwenda mlango wa pili.

Tunasema Mungu hachelewi. Nami nasema hivyo hivyo. Basi mtoto anapolala na njaa, au mgonjwa anapokufa akisubiri laki mbili za upasuaji, kuna swali ambalo waumini tunalikwepa: ni nani aliyetumwa akakaa?

Inafaa tumjue Müller vizuri, maana jina lake limetumiwa sana na watu wasiofanana naye. Alizaliwa mwaka 1805. Ujana wake ulikuwa wa wizi na uongo. Akiwa na miaka 16 aliwekwa kizuizini kwa kulala hotelini bila kulipa. Aligeuka akiwa mwanafunzi huko Halle, mji ambao August Hermann Francke alikuwa amejenga makao makubwa ya yatima zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Alihamia Uingereza mwaka 1829, na mwaka uliofuata, akiwa mchungaji katika mji mdogo wa Teignmouth, akakataa mshahara. Sababu yake ilikuwa nzito: mshahara huo ulitokana na kodi ya viti vya kanisani, mwenye nacho akikodi kiti kizuri na maskini akibaki pembeni. Tangu hapo hakupokea mshahara tena hadi kifo chake mwaka 1898.

Nyumba ya kwanza ya yatima aliifungua Aprili 1836. Mwaka 1849 alihamishia watoto katika jengo jipya kwenye kilima cha Ashley Down, na kufikia 1870 kulikuwa na majengo matano yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Katika maisha yake watoto zaidi ya 10,000 walipita katika mikono yake. Fedha zilizomfikia kwa kazi zake zote zilikaribia pauni milioni moja na nusu, na hakuwahi kumwendea mtu kumwomba hata peni. Hakukopa. Hakununua kwa mali kauli. Siku ambayo hapakuwa na fedha ya mkate, mkate haukuchukuliwa kwa ahadi ya kulipa kesho. Kila aliyetoa alipewa risiti, na kila mwaka alichapisha hesabu ambayo mtu yeyote angeweza kuikagua. Alipofariki, mali yake mwenyewe haikufikia pauni 200.

Kuna habari moja ya Desemba 1841 inayonionyesha mtu huyu alivyokuwa. Wakati wa kutoa taarifa ya mwaka ulikuwa umefika, na mifuko ilikuwa mitupu. Angeitoa taarifa ile, wasomaji wangeuona upungufu wake na kufungua pochi zao, na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliona hiyo ingekuwa kuomba kwa njia ya kuzunguka. Akaiahirisha taarifa, akaahirisha na mikutano, akabaki na shida yake mbele za Mungu, huku miezi iliyofuata ikiwa miongoni mwa migumu kuliko yote aliyopitia. Waliojua hali halisi walikuwa wafanyakazi wenzake tu, na baadhi yao walitoa vya kwao kwanza ndipo wakapiga magoti.

Hapo pa wafanyakazi ndipo moyo wangu ulipo. Mtu anayeomba Mungu alete chakula cha watoto, huku akiwa na shilingi mfukoni ambayo ingenunua chakula hicho, anaomba nini hasa? Wale wafanyakazi walilielewa swali hilo. Walianza na kilichokuwa mikononi mwao, kikiisha ndipo walikuwa na haki ya kusema, Bwana, tumefika mwisho.

Sasa nitazame kwetu. Shuhuda zetu husimuliwa na aliyepokea. Anasimama mama Jumapili, anasema ada ya mtoto ilikuwa imekosekana, Januari imekausha kila kitu, karatasi ya mahitaji ya shule iko mezani tangu Krismasi, mara simu ikalia ujumbe wa fedha umeingia. Kanisa zima linapiga vigelegele, na ni haki yake kushangiliwa. Tangu Kenya ilipoanzisha M-Pesa mwaka 2007 na Tanzania ikafuata mwaka mmoja baadaye, majibu ya maombi mengi ya nchi hizi yamepitia mlio huo mdogo wa simu. Wala halipunguzi utukufu wa Mungu kwamba ametumia simu. Zamani alitumia kunguru.

Ambaye hajawahi kusimama mbele yetu ni yule mtumaji. Natamani siku moja asimame aseme: wazo la kumtumia mama huyu fedha lilinijia mwezi mzima uliopita. Lilinijia nikiwa kwenye daladala, likanijia tena nikiwa naosha vyombo usiku, nikasema ngoja mwisho wa mwezi, ngoja nimalize mchango wa kamati ya harusi, ngoja nihakikishe kwanza kama kweli ana shida. Wengi wetu tumewahi kupata wazo la namna hiyo. Jina la mtu linaingia kichwani bila sababu, linagoma kutoka. Tunaojiita watu wa imani tunapaswa kuwa wa kwanza kulitii, kwa kuwa sisi ndio tunaodai kwamba Mungu huongea na watu.

Sijui taifa jingine linalojua kuchanga kama sisi. Msiba ukitokea, kabla jua halijazama turubai limefungwa, viti vimefika, daftari la rambirambi limefunguliwa, wanawake wa mtaa wameshika masufuria. Maiti ikihitaji kusafirishwa kwenda Moshi au Bukoba, basi la kusindikiza litapatikana usiku huo huo. Ni jambo jema na silibezi. Limetushika wakati serikali na mabenki hayakutujua. Lakini mara nyingi marehemu huyo alilala wodini wiki tatu. Kikundi cha WhatsApp kilifunguliwa kwa ajili ya matibabu yake, watu wakaweka alama ya mikono iliyokunjwa ya sala, wakaandika pole, Mungu atatenda. Ahadi zikaandikwa, zikaliwa na siku. Mgonjwa alikosa nauli ya bajaji kwenda kupiga picha ya eksirei. Maiti yake imepata sanduku lenye vioo na basi la watu thelathini. Fedha zilikuwepo. Zilikuwa nyumba ya pili, zikingoja neno kubwa zaidi ya ugonjwa ndipo zitoke.

Naandika hili kwa uchungu kwa sababu nimezika watu wa aina hiyo, na nimesikia ibadani ikisemwa kwamba Bwana amempenda zaidi.

Dini zetu hazikutuacha gizani juu ya jambo la wakati. Zimeweka hata saa. Jirani zetu Waislamu wana zaka ya fitri, pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na mwisho wa kuitoa ni kabla ya sala ya Idi. Anayeitoa baada ya sala ametoa sadaka kama sadaka nyingine. Ile zaka yenyewe imempita. Ninaipenda sana hukumu hii. Inamtazama maskini asubuhi ya Idi, jiko lake likiwa baridi huku mtaa mzima ukinukia pilau, na inasema chakula chake kifike leo, asubuhi hii. Pishi ile ile ya mchele, ikifika jioni, si ibada ile ile tena.

Torati nayo inaagiza kibarua maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa roho yake iko kwenye ujira huo. Mtume Muhammad amepokewa akiagiza mfanyakazi alipwe kabla jasho halijamkauka. Kitabu cha Mithali kinamkataza mtu kumwambia jirani yake aende arudi kesho, ilhali kitu anacho hapo hapo. Yakobo katika waraka wake anamchambua bila huruma yule anayemwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe, asimpe chochote. Yote haya yanazungumza na mwenye nacho, na yote yana haraka. Tumeyasoma tangu utotoni, kisha tukabaki tukiwahubiria subira wenye shida peke yao.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni wa Eliya. Wakati wa ukame alijificha kwenye kijito cha Kerithi, kunguru wakimletea mkate na nyama asubuhi na jioni. Kijito kilipokauka, Mungu hakumfungulia kingine. Alimtuma Sarepta, nchi ya Wasidoni, kwa watu wasio wa kabila lake wala wa imani yake, kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni langoni ili apike unga wa mwisho ale na mwanawe, kisha wafe. Tungeulizwa sisi nani atumwe kumlisha nabii, tungemtaja mfanyabiashara fulani au mheshimiwa fulani. Akatumwa mtu mwenye konzi moja ya unga na mafuta kidogo. Mama huyo hakuomba muda wa kufikiri. Alisema ukweli kuhusu hali yake, akasikia neno la nabii, akaenda akafanya. Unga haukupungua chomboni hadi mvua iliporudi, na aliyeokoka kwa unga huo hakuwa nabii peke yake. Mtoto wa mjane naye aliishi.

Hajiri naye, mama yake Ismaili, tunamshiriki Wakristo na Waislamu. Katika Biblia anaonekana jangwani Beer-sheba, maji ya kiriba yamekwisha, amemlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda kuketi mbali kidogo ili asimwone akifa. Analia. Kisha Mungu anamfumbua macho, anaona kisima. Katika simulizi ya Kiislamu hakuketi. Alikimbia kati ya Safa na Marwa mara saba, akitazama huku na huku kama kuna msafara, na maji ya Zamzam yakatoka mahali alipokuwa mtoto. Hadi leo kila anayekwenda Hija au Umra hupita njia ile ya mama aliyekuwa akihangaika. Mmoja alilia, mwingine alikimbia, wala hakuna simulizi kati ya hizo mbili inayomwambia Hajiri kwamba imani yake ni ndogo.

Maana wapo wanaosema hivyo. Wamejaa redioni na kwenye mabango ya barabarani. Mama anakwenda na shida yake, anaambiwa riziki yake imefungwa, apande mbegu ifunguke. Anatoa nauli ya kurudia nyumbani. Isipofunguka, anaambiwa alitoa kwa moyo wa mashaka. Ninalitazama jambo hili na kumkumbuka Müller, ambaye kwake fedha ilitoka kwa wenye nacho ikaenda kwa yatima, na hesabu ikabandikwa wazi. Kwa hawa fedha inatoka kwa mjane inakwenda kwa nabii, na hesabu haionekani. Yule wa Sarepta alipotoa konzi yake, nabii alibaki nyumbani kwake akila naye chungu kimoja, ukame ule ule. Manabii wa siku hizi baada ya ibada hupanda magari yao, mama akabaki kituoni.

Imani pia haipaswi kutufumba macho tusione milango ambayo imefungwa na binadamu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za wanawake wawili zilivunjwa walipozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu baada ya kujifungua hawakuweza kulipa. Wapo watu ambao wangewaambia akina mama hao waombe, Mungu atawatoa kama alivyowatoa Paulo na Sila gerezani. Waombe, ndiyo. Huku wao wakiomba, mwanasheria aliyeamua kuichukua kesi yao alikuwa jibu, na jaji aliyeandika hukumu alikuwa jibu. Mtu anaweza kuwa jibu la sala akiwa ofisini amevaa joho.

Nimeulizwa na kijana mmoja wa kwaya yetu, ambaye mdogo wake alifariki wakisubiri rufaa ya hospitali, kama Mungu aliwasahau. Sikumpa somo. Nilimwambia ninaamini Mungu alimpenda mdogo wake, na ninaamini kwamba aliwatuma watu, na kwamba baadhi yetu hatukwenda. Alinyamaza kwa muda mrefu, akasema afadhali hivyo, kwa sababu alikuwa ameanza kudhani kwamba familia yao haikuomba vya kutosha. Wafiwa wengi wamebebeshwa mzigo huo, na nadhani ni dhuluma kubwa kuliko zote tunazozitenda kwa jina la imani: mwenye njaa kuulizwa kuhusu sala zake, aliyeshiba asiulizwe kuhusu miguu yake.

Najua hoja ya upande wa pili. Matapeli ni wengi, ujumbe wa kuomba msaada unatumwa kwa namba za watu wasiojulikana, na mtu hawezi kuitikia kila wazo linalompitia. Ni kweli. Ndiyo maana utaratibu una thamani, na waumini tusiudharau tukidhani unamfungia Roho nje. Kitabu cha hesabu cha Müller kilikuwa sehemu ya imani yake.

Nimejifunza zaidi juu ya jambo hili kwa akina mama wa vikoba kuliko kwa wachungaji. Wanakutana kila wiki, wananunua hisa, wanakopeshana, na pembeni ya hisa kila mmoja anaweka kiasi kidogo katika mfuko wa jamii, ambao ni wa shida: ugonjwa, msiba, nyumba iliyoungua. Fedha hukaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinashikwa na wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Mwenye shida hapigi magoti mbele ya mtu. Anasema shida yake, kikundi kinaijua kwa kuwa kinaishi naye mtaani, anapewa.

Makanisa mengi na misikiti mingi ina fedha kuliko vikundi hivyo, na haina sanduku la namna hiyo. Ina mfuko wa jengo, wenye kamati na bango la kuonyesha kiwango kilichofikiwa. Ombi la mgonjwa linakwenda kwa mzee wa mtaa, linapanda kwa katibu, linangoja kikao cha mwezi, na wenye kutia sahihi benki ni wawili ambao mmoja yuko safarini. Ninachopendekeza kwa usharika wangu, nami nitakisimamia kwenye kikao kijacho hata kama nitakuwa peke yangu, ni mfuko wa dharura ambao watu watatu wanaoaminika, angalau mmoja wao mwanamke, wanaweza kuutoa siku hiyo hiyo kwa simu, hadi kiwango tutakachokubaliana, kisha wakaleta risiti ya hospitali na maelezo mbele ya kikao. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi bila majina ya waliosaidiwa. Anayetaka kuchangia asingoje harambee.

Na kikao kikisema fedha hiyo ipelekwe kwanza kwenye bati za ukumbi, nitaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba ombi la mgonjwa lilifika, tarehe gani, na tulijibu nini.